Miguu Yetu Wakati wa Masika

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama wa Tawi, Limuru. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Kamati imeniomba niseme juu ya viatu na miguu. Najua wako waliocheka waliposoma tangazo ubaoni. Walitaka kusikia habari za mishahara. Basi na wasikie, maana habari hii ni ya mshahara. Mchumaji wa majani hulipwa kwa kilo. Akichechemea, kapu halijai. Akilala nyumbani siku tatu kwa kidonda cha kisigino, na yeye ni kibarua wa siku, hizo siku tatu hakuna wa kumlipa. Hata aliyeandikwa kazi, sheria ya mwaka 2007 inampa likizo ya ugonjwa yenye malipo baada tu ya kumaliza miezi miwili mfululizo. Kwa hivyo mguu mbovu ni makato ya mshahara ambayo hayaandikwi katika karatasi ya malipo.

Masika yetu ni Machi mpaka Mei, na vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Lakini sisi wa huku juu twajua kwamba baina ya hizo mbili kuna Juni na Julai, wakati wa ukungu, ambapo mvua hainyeshi sana lakini majani ya chai yamelowa tangu alfajiri mpaka saa tano. Mtu hupita katikati ya mistari, umande unashuka juu ya epuroni, unateremka mpaka magotini, unaingia katika buti kwa juu. Ukifika saa nne umesimama ndani ya maji yako mwenyewe.

Nianze na hilo la maji, maana hapo ndipo shida nyingi zinapoanza. Ngozi ya mguu ni ngumu ikiwa kavu. Ikilowa kwa saa nyingi hulainika, huwa nyeupe na kukunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa. Ngozi kama hiyo haiwezi kustahimili msuguano. Hupata malengelenge upesi, na lengelenge likipasuka ni mlango wazi wa uchafu. Na katikati ya vidole, mahali pasipopata hewa, huota fangasi. Huanza na kuwasha, kisha ngozi hubanduka, kisha hupasuka, na harufu yake wote mwaijua.

Maji yakiwa ya baridi, na mtu akikaa ndani yake siku nzima bila kubadili, kuna jambo baya zaidi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 huko Ulaya, askari walisimama siku nyingi katika mahandaki yaliyojaa maji na matope. Miguu yao ilipauka, ikafa ganzi, na ilipopata joto ikavimba na kuuma vibaya. Wengine walikatwa vidole au miguu, wala si kwa risasi. Ugonjwa huo ukaitwa mguu wa handaki. Wakubwa wa jeshi walipoona wanapoteza watu namna hiyo, walitoa amri: kila mtu avue viatu kila siku, akaushe miguu yake, avae soksi kavu, na askari wakaguane miguu wawili wawili. Ugonjwa ukapungua sana. Dawa yake haikuwa sindano. Ilikuwa soksi kavu na dakika chache za kukaa chini.

Wakati huo huo, katika nchi hizi zetu, wapagazi wa jeshi walibeba mizigo mpaka kusini mwa Tanganyika, wengi wao miguu mitupu, na waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa silaha. Jina lao limebaki Nairobi, pale Kariokor, ambapo leo watu huenda kununua akala. Mimi kila nipitapo hapo hulikumbuka hilo.

Mtasema hapa hakuna barafu. Ni kweli. Lakini mguu wa handaki hauhitaji barafu. Huweza kumpata mtu hata katika baridi ya kadiri ya asubuhi zetu za Julai, ikiwa miguu imelowa kwa muda mrefu, kiatu kinabana, na damu haipiti vizuri. Basi ukiona mguu umepauka na umekufa ganzi, usiuweke mbele ya moto wala usiusugue kwa nguvu. Ngozi isiyosikia joto huungua bila wewe kujua. Ukaushe polepole, uufunike kwa kitu kikavu, uuinue juu ya kiti, na kama ganzi haiondoki au mguu unavimba, nenda kwa daktari.

Sasa viatu vyenyewe.

Wengi wetu twavaa gambuti. Gambuti si moja. Kuna ya mpira wa kweli na kuna ya plastiki, na dukani hukaa rafu moja. Ya mpira hunyumbulika, haing'ai sana, na ukiikunja haibaki na alama. Ya plastiki hung'aa zaidi, mara nyingi ina mstari ulioachwa na kalibu, na katika baridi huwa ngumu. Ya mpira ikipata tundu waweza kuiziba kwa kiraka cha baiskeli na gundi yake, kama tyubu. Ya plastiki kiraka hicho hakishiki, hubanduka siku ya pili. Lakini mpira nao ni adui wa mafuta. Fundi wa gereji au mtu wa mitambo anayekanyaga oili na dizeli kila siku, gambuti yake ya mpira itavimba na kulainika. Kwa huyo plastiki ni afadhali. Na jua kali huupasua mpira, kwa hivyo usianike buti za mpira juu ya paa la mabati kutwa nzima.

Kujua kama gambuti inavuja, usingoje mvua. Tia mkono ndani, uisukume katika ndoo ya maji mpaka karibu na ukingo, ungoje kidogo. Mahali penye tundu utapasikia kwa vidole.

Tazama soli. Soli ya kazi ya mteremkoni iwe na meno marefu, yenye nafasi kati yake ili tope litoke. Soli iliyolika ikawa laini kama sahani, huo si uchumi. Wachumaji walioanguka na kapu mgongoni katika mistari ya mteremko wanajua. Na hata soli nzuri, ikijaa tope na hukulitoa, ni sawa na soli iliyolika. Kijiti cha kutolea tope kiwe mfukoni.

Ndugu wa ujenzi na wa ghala mliotutembelea leo, na vijana wetu wa kiwandani wanaosukuma mizigo, ninyi hamtoshwi na gambuti ya kawaida. Mnahitaji yenye chuma kidoleni na bamba katika soli la kuzuia msumari. Kiatu kikitengenezwa kwa kanuni ya kimataifa nambari 20345 huwa na alama. Herufi S na tarakimu 5 juu ya gambuti maana yake ni kwamba haipitishi maji, ina kinga ya vidole, na soli yake huzuia kuchomwa. S na tarakimu 3 ni buti yenye kinga hizo mbili, ambayo ngozi yake imetengenezwa isipitishe maji upesi, lakini si ya kusimama katika dimbwi. Kinga ya vidole hujaribiwa kwa kishindo kama cha mzigo wa kilo 20 ukianguka kutoka urefu wa mita 1. Mkiletewa buti zinazosemwa ni za usalama, zipindueni mtafute alama hiyo. Isipokuwepo, mwambieni mwakilishi wenu kabla ya kutia sahihi kwamba mmezipokea. Na mtu asidhani kwamba mpira wa gambuti utamwokoa na umeme. Gambuti ya kawaida haikufanywa kwa kazi hiyo, na ikiwa imelowa ndani au ina tundu haina faida yoyote kwa jambo hilo.

Kwa wale wanaonyunyiza dawa za wadudu na za magugu: msivae viatu vya ngozi. Ngozi huinywa dawa, na dawa ikiisha kuingia haifuliki tena. Kesho na keshokutwa unaivaa mguuni. Vaeni gambuti, na suruali iwe nje ya gambuti, si ndani. Nimeona vijana wengi wakitia suruali ndani kwa sababu hupendeza. Lakini dawa ikitiririka juu ya suruali hiyo hushuka moja kwa moja mpaka kwenye soksi. Kazi ikiisha, osha gambuti kwa nje kwa maji mengi na sabuni kabla ya kuzivua.

Nakuja kwa akala. Wako wanaozidharau, nami siwaungi mkono. Akala ni kiatu cha busara kwa njia. Haijali maji, hukauka upesi, na mpira wa tairi la gari humshinda mvaaji kwa umri. Mtu anayekaa mbali na shamba aweza kufanya hivi: njiani atembee na akala katika mvua, na soksi na buti zake zikae kavu ndani ya mfuko usiopenya maji. Akifika akaushe miguu kwa kitambaa, ndipo avae. Hivyo ataanza kazi na mguu mkavu, naye yule aliyetembea maili tatu katika buti ataanza na mguu uliolowa. Lakini kazini akala haifai. Katika tope huteleza, vidole viko wazi kwa jembe na kwa mwiba, na tairi la zamani likilika nyuzi zake za waya hutokeza na kuchoma. Zamani wengine walikuwa wakivaa mifuko ya plastiki juu ya soksi ndani ya buti. Mifuko ile ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kwa miguu hakuna hasara kubwa, maana ilizuia maji ya nje ikafungia jasho la ndani.

Jasho hilo nalo ni maji. Gambuti haipitishi mvua, wala haipitishi jasho. Mtu hushinda ndani ya gambuti nzima isiyo na tundu hata moja, jioni akavua soksi ukazikamua. Kwa hivyo soksi si pambo. Usivae gambuti miguu mitupu. Soksi ya sufi ndiyo bora, maana hata ikilowa hukaa na joto kidogo. Soksi nene ya pamba si mbaya mradi uibadili, lakini ikilowa hubaki imelowa. Ile nyembamba ya nailoni inayouzwa jozi tatu kwa bei ya moja haifai kitu kazini. Na muhimu kuliko aina ya soksi ni hesabu ya soksi: uwe na jozi mbili kila siku, moja mguuni na moja mfukoni. Saa sita, kwenye mizani, unavua, unapangusa miguu hasa katikati ya vidole, unavaa kavu. Nimeipima kwa saa. Ni dakika nane, pamoja na kupumzika.

Najua jibu lenu. Dakika nane ni kilo ngapi za majani? Na nyapara atasema nini? Nitarudi hapo.

Juu ya kuchagua ukubwa. Mguu hupanuka mchana kutwa, basi kiatu usikinunue asubuhi. Nenda jioni, nenda na soksi zile zile za kazi, jaribu miguu yote miwili maana kwa watu wengi mmoja umeupita mwenzake, na ununue kwa ule mkubwa. Ukisimama, mbele ya kidole kirefu kabisa pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea. Muuzaji wa viatu vya mitumba pale Gikomba atakuambia kitajinyoosha chenyewe. Ngozi hunyooka kidogo kwa upana. Kwa urefu haitanyooka, na mpira haunyooki kabisa. Mimi hufanya hivi: nasimama juu ya karatasi, nachora mguu kwa penseli, nakata mchoro ule, na ninautia ndani ya kiatu dukani. Ukikunjika pembeni, kiatu ni chembamba, hata kama nambari ni ile ile uliyozoea.

Hapa kuna dhuluma ndogo ambayo imezoeleka. Wachumaji wengi ni akina mama, lakini katika shamba moja ambalo sitalitaja, gambuti zililetwa kwa nambari tatu tu, zote za wanaume. Mama mwenye mguu wa nambari 4 alipewa nambari 7, akaambiwa ajaze matambara mbele. Kiatu kikubwa hupanda na kushuka kisiginoni hatua maelfu kwa siku, nacho mteremkoni hukutupa. Alipata kidonda cha kisigino kilichochukua wiki tano kupona. Wiki tano, kwa sababu ya mtu wa stoo asiyetaka kuandika nambari katika karatasi ya kuagizia.

Sasa sheria. Wengine wenu mlidhani gambuti ni zawadi ya tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu 101, inamlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga vya kutosha na vinavyofaa, vikiwemo viatu inapohitajika, ikiwa kazi yao inawaweka penye maji au penye vitu vinavyodhuru. Angalieni: maji yametajwa. Mchumaji aliyelowa mpaka magotini tangu alfajiri yumo ndani ya maneno hayo. Tena sheria haikusema kutoa tu, imesema na kuvitunza vikae katika hali nzuri. Na neno "vinavyofaa" lina maana. Nambari 7 katika mguu wa nambari 4 haifai. Upande wetu, sheria hiyo hiyo yatudai tuvivae vifaa tulivyopewa wala tusiviharibu. Yule anayeuza gambuti zake sokoni siku ya Jumamosi na kuja Jumatatu kudai nyingine anamharibia mwakilishi wake kazi mezani.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi kunapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya yenye watu wa mwajiri na watu wa wafanyakazi. Kamati yetu imelala. Mkutano wake ujao tumeomba mambo manne yaandikwe: gambuti kwa nambari zote tangu 3 hadi 11, kwa vibarua vilevile na walioandikwa, jozi mbili za soksi nene, dakika 10 za kubadili soksi saa sita zihesabiwe ni za kazi, na rafu ya mbao karibu na chumba cha boila kiwandani, ambapo buti zitakauka usiku. Joto la boila lipo, halituongezei gharama. Kwa wachumaji wanaolipwa kwa kilo, hizo dakika 10 tunataka zilipwe kwa kima kitakachokubaliwa, la sivyo hakuna atakayezitumia, na tajiri atasema alitoa muda watu wakaukataa. Hilo la dakika ndilo litakalokuwa gumu. Hayo mengine naona tutayapata.

Wale wasio na rafu ya boila wasikaushe viatu jikoni. Ngozi ikiwekwa karibu na jiko hukauka nje upesi, hukakamaa, hupasuka, na gundi ya soli huachia. Osha tope kwa maji, toa kipande cha soli ya ndani, jaza magazeti makavu, ubadili magazeti baada ya saa moja au mbili, kisha uviweke mahali penye upepo. Kikikauka kabisa ndipo upake rangi au nta, hasa kwenye mshono wa soli ambapo maji huingilia. Kiatu cha ngozi kilicholowa sawasawa hakikauki usiku mmoja. Mwenye kuweza apate jozi mbili, avae kwa zamu. Najua ni rahisi kusema. Lakini jozi mbili zinazopokezana hudumu zaidi ya mara mbili ya jozi moja inayovaliwa mbichi kila siku.

Miguu yenyewe jioni ioshwe kwa maji na sabuni, si kwa kuichovya tu, kisha ikaushwe. Wengi hukausha unyayo na kusahau katikati ya vidole, napo ndipo penye kazi. Kisigino chenye magaga kipakwe mafuta ya kujipaka, lakini katikati ya vidole usipake, maana hapo panahitaji ukavu. Kucha zikatwe kwa kunyooka, pembe zake zisichimbwe. Fangasi ikiwa imeingia, dawa ya krimu ya klotrimazoli inapatikana katika duka la dawa, na kosa la watu wengi ni kuacha siku ya nne muwasho unapotulia. Endelea mpaka wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Na soksi zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, la sivyo unajiambukiza upya kila asubuhi. Taulo la miguu lisizunguke nyumba nzima.

Lengelenge lisilopasuka liache na ngozi yake. Lililopasuka lioshe, ulifunike kwa kitambaa safi.

Msumari ni habari nyingine. Tundu lake huwa dogo, damu huwa kidogo, na mtu huona haya kwenda hospitali kwa jambo dogo. Pepopunda hupenda kidonda kama hicho, chembamba na kirefu, kisichopata hewa. Osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Usitie mafuta ya taa, wala oili ya breki, wala samadi, wala majivu. Kisha nenda ukaulize juu ya sindano ya pepopunda siku hiyo hiyo. Kinga hiyo hurudiwa kila baada ya miaka 10, na kwa kidonda kichafu huenda ukahitaji nyingine ikiwa imepita miaka 5. Aliyechomwa kazini amwambie nyapara mara moja na aone kwa macho yake limeandikwa. Sheria ya mafao ya walioumia kazini, ya mwaka 2007 pia, inakubali taarifa ya mdomo au ya maandishi, na mwajiri ana siku 7 za kuipeleka serikalini. Nasi twapenda ya maandishi, maana mdomo husahau.

Ndugu zetu walio katika mashamba ya mpunga Mwea na katika miwa wana hatari ya maji yenyewe. Kuna kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi kutoka kwenye maji yenye konokono. Kuna safura, ambayo viini vyake hupenya unyayo kutoka kwenye udongo uliolowa na kunajisiwa kwa kinyesi, na kumnyonya mtu damu mpaka akaonekana mvivu bure. Na kuna homa itokanayo na mkojo wa panya uliochanganyika na maji, huingia kwa mkwaruzo mdogo wa ngozi. Mwaka 2022 ilizuka Lindi, Tanzania, ikaitwa homa ya mgunda. Mtu mwenye homa kali, kichwa, maumivu ya misuli ya miguu na macho ya manjano, naye alikuwa akifanya kazi katika maji, amwambie daktari kazi yake ni nini. Daktari asipoambiwa huenda akaanza na malaria tu.

Funza sitawasema sana, maana yeye ni mdudu wa vumbi na kiangazi kuliko masika. Hata si mwenyeji. Aliletwa na meli kutoka Brazili mpaka pwani ya Angola mwaka 1872, akavuka bara nzima, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika pwani yetu. Safari yote hiyo alisafiri kwa miguu ya watu wasio na viatu. Neno langu moja tu: pini moja isitumike kuwatoa funza watu wawili. Yaweza kuhamisha virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Na kuna ugonjwa wa miguu kuvimba usioletwa na mdudu wala mbu, bali na udongo wenyewe. Mtu akitembea miguu mitupu miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkano, chembe ndogo huingia katika ngozi na kuziba mishipa ya maji ya mwili. Ethiopia una watu wengi sana, na umeonekana katika sehemu za magharibi mwa nchi yetu. Jirani husema amelogwa. Hakulogwa, alikosa viatu tangu utotoni. Kwa hivyo mkinunua viatu vya masika msiwasahau watoto wanaochimba viazi pamoja nanyi.

La mwisho ni kwa wenye kisukari, nao katika tawi hili si wachache. Ninyi si kama sisi wengine. Kisukari huua hisia za mguu polepole. Mlinzi mmoja wa usiku, mwanachama mwenzetu, alishinda zamu nzima na kokoto ndani ya gambuti asiisikie. Asubuhi alipovua aliona damu. Hakwenda hospitali kwa sababu hakukuwa na maumivu, na miezi miwili baadaye alikatwa kidole gumba cha mguu. Sasa hawezi lindo la kutembea. Mwenye kisukari akung'ute kiatu na kutia mkono ndani kabla ya kuvaa, kila mara. Atazame nyayo zake kila jioni. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mke au mtoto. Maji ya kuoga miguu ayapime kwa kiwiko. Sugu asiikate kwa wembe. Na kidonda chochote, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, ni cha kwenda kuonwa kesho yake.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza yangu. Karatasi na penseli ziko juu ya meza ile karibu na dirisha. Kila mmoja, kabla ya kuondoka, asimame juu ya karatasi achorwe mguu ule mkubwa, akiwa amevaa soksi za kazi, kisha aandike jina, nambari ya kazi na sehemu yake ya shamba. Michoro hiyo ndiyo tutakayoweka mbele ya kamati, ili mtu asituambie tena kwamba nambari tatu zinatosha. Akina mama watangulie. Na anayetaka kuuliza juu ya kucha zilizoingia nyamani aningoje hapa mbele. Hiyo si habari ya kueleza mbele ya watu wote.